Aliyeziachia Nafasi Namba Ndogo

Mpendwa wetu, ambaye wengi tulimwita Mzee Nukta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa mpiga chapa na mkunga. Mama yake alisema alichelewa kuongea kwa sababu alikuwa bado anahesabu. Alisoma shule iliyotazamana na karakana ya baba yake, akahitimu uhandisi mwaka 1985. Alikuwa mtu wa kuota mchana kweupe. Ungemsalimia asubuhi, akakuitikia jioni.

Kazi yake ilikuwa kuingiza maktaba kubwa ya hesabu, yaani programu zilizokwisha kuandikwa, ndani ya chipu ndogo kama ukucha. Chipu haibebi kila kitu, kwa hiyo alikaa siku nzima akiwasha sehemu hii na kuzima ile. Mwaka 1990 alimwoa fundi cherehani wa ghorofa ya chini. Mkewe alizoea kumwambia, "Baba nanihii, punguza pindo, usipunguze mtu."

Mwaka jana alipewa kazi ya mashine ya kupima pumzi za watoto njiti. Programu ilizidi nafasi, mkuu wake akaamuru namba ndogo mno zihesabiwe kuwa sifuri. Siku ya majaribio muuguzi wa zamu akamwita.

"Mzee, huyu anapumua, namwona kwa macho yangu. Mashine yako inasema sifuri."

Siku hiyo alirudi nyumbani, hakula.

Januari figo zilimlaza kitandani. Binti yake mkubwa, mhandisi pia, alikaa kando yake na kompyuta magotini. Mzee alifumba macho, akawa anapita ndani ya maktaba ile kama mtu anayezunguka nyumbani kwake gizani.

"Michoro, baba?"

"Zima."

"Majedwali makubwa?"

"Zima, mama."

"Na namba ndogo?"

"Hizo washa. Mkuu niachie mimi."

Bado programu ikazidi nafasi, kwa herufi chache tu.

"Basi futa jina langu pale mwanzoni mwa programu," akasema, akasinzia. Binti akalifuta, ikaingia.

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Mchana simu ya binti ikalia. Alikuwa muuguzi yule yule, hana habari ya msiba.

"Mashine imempata! Mtoto wa gramu mia tisa, na kila pumzi inaonekana. Mwambie mzee!"

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Tunamlilia, na tunamwambia: mashine imempata. Mzee wetu, lala kwa amani.