Mwalimu Zachariah Kuria Munene na Neno "Chombo"

Waliotangulia kusema wametuambia Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Zachariah hakutwaliwa. Alipigwa mpaka akafa, na mimi dada yake Nyokabi nitasoma hivyo hivyo.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1979 huko Moi's Bridge, kwa Mzee Phineas Munene na marehemu Mama Njeri, wakulima wa mahindi. Akiwa darasa la sita alipigana na mvulana aliyeapa kuwa ghala letu lina shetani. Kila mmoja alipoteza jino. Kesho yake alimshika mkono wakaingia ghalani pamoja, wakamkuta bundi.

Alisomea ualimu wa fizikia katika chuo cha Chepkoilel, akahitimu mwaka 2003, akafundisha shule ya upili Kiplombe hadi mwisho. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba yake ilichomwa, na mshale ukamwingia begani. Tulimsihi asirudi, akarudi. Tarehe 12 Desemba 2009 alimwoa Betty Chelimo, muuguzi kutoka jamii iliyokuwa imepigana na yetu.

Julai mwaka huu wataalamu waliona kitu kilichotoka nje kabisa ya familia ya jua letu, cha tatu kujulikana. Mitandaoni wengine wakadai ni meli ya viumbe wa mbali. Zachariah alialikwa redioni kulipima dai hilo, na hakumcheka mtu. Alieleza kuwa kitu hicho kinatoa gesi na vumbi kikikaribia jua, kama nyota zenye mkia. Kisha akasema, "Chombo kilikiona kikija kwa kasi." Alimaanisha darubini.

Lazarus, aliyejiita nabii, aliikata sauti ile, akabakiza "Chombo... kikija kwa kasi," akaicheza kwa spika kila Jumapili uwanjani. Aliwaambia watu chombo kinakuja kuwachukua, na anayetumia dawa hatapanda. Amondi, mwanafunzi wa Zachariah mwenye kisukari, akaacha kudungwa insulini. Alipozirai darasani, mamake, Seline, alimpeleka kwa Lazarus badala ya hospitali.

Jumapili tarehe 9 Novemba Zachariah na Betty walimfuata Amondi huko. Zachariah alipanda jukwaani akanyakua kipaza sauti.

"Hiyo sauti ni yangu, na hilo neno ni langu," alisema. "Chombo ni darubini. Hiyo kitu yenyewe ni barafu na vumbi, na haifiki hapa. Itapita mbali, karibu mara mbili ya umbali wa jua. Amondi, kuja twende hosi udungwe insulini."

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Seline alimshika koti asishuke, wengine wakampiga kwa viti na vyuma vya hema. Walimvunja mbavu, taya na fuvu. Akiwa chini alimwashiria Betty ambebe mtoto kwanza, na Betty akambeba Amondi mgongoni akakimbia.

Zachariah alilazwa hospitalini siku tatu. Taya lilikuwa limefungwa waya, kwa hiyo Jumanne aliandika kwenye karatasi: "Seline asiguswe." Alifariki Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 46.

Ameacha mjane wake Betty, watoto Kim na Muthoni, Mzee wetu Phineas, na mimi. Amondi yu hai. Lazarus yuko korokoroni. Seline yuko nje kwa dhamana, na ameketi kule nyuma karibu na lango. Hataguswa, kwa sababu marehemu alikataza. Mimi sijamsamehe, na sitadanganya mbele ya jeneza.

Ndugu yetu na aipate huko aliko amani aliyonyimwa Kiplombe.