Mama Soya na Samaki wa Jirani

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi mlimwita Mama Soya, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Baada ya sekondari alisomea ufugaji wa samaki chuoni, akahitimu mwaka 1984.

Mwaka uliofuata alifungua kiwanda kidogo cha chakula cha samaki nyuma ya nyumba yao. Fundi aliyeitwa kutengeneza mashine ya kusaga alirudi tena na tena, hadi bibi yetu akamuuliza, "Mwanangu, mbovu ni mashine au ni wewe?" Mama na fundi huyo walioana Agosti 1987.

Kazini hakuwa na mzaha. Protini, alisema, haimjengi samaki ikiwa nzima. Lazima ikatwekatwe tumboni iwe asidi amino, ndipo utumbo uipitishe kwenye damu. Soya mbichi huzuia kazi hiyo. Kwake, soya ilikaangwa kwanza.

Isipokuwa masika ya 2009. Kuni zililowa, wateja wakamkalia kooni, akaisaga mbichi. Perege wa jirani yetu, rafiki yake tangu ujana, walikula chakula hicho kwa pupa huku wakikonda, kisha wakafa. Jirani alilaumu maji yake, akalifukia bwawa. Mama alinyamaza mwaka mzima kabla ya kwenda kumwambia ukweli. Alifungiwa mlango. Hatufichi hayo, yeye mwenyewe alikataza wasifu wa kumpaka rangi. Tangu hapo hakusaga soya kabla ya kutafuna punje yake, na alipopita penye bwawa lile aliinamisha kichwa.

Mwaka jana utumbo wake uliugua, ukaacha kufyonza chakula. Alikula, akazidi kukonda. Ndipo jirani akaingia wodini na chupa ya uji.

"Shoga, nicheke tu," mama alisema. "Nimekuwa samaki wako."

"Nyamaza, kunywa. Huu umeiva, si kama chakula chako."

Mama alicheka hadi akakohoa. Kisha akauliza, "Umenisamehe?"

"Kunywa kwanza, bibi wee."

Jibu hakulipata. Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Juni mwaka huu.

Ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Leo asubuhi, tukijiandaa kwa mazishi haya, tulisikia harufu ya moshi kiwandani, tukakimbia. Tulimkuta jirani ameshika mwiko, jasho linamtiririka.

"Samaki wa wateja wake watakula nini kesho?" akatufokea. "Nendeni mkavae!"

Apumzike mama yetu. Soya imekaangwa.