Argelio Toledo Pentón, Dereva wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa

Ndugu, majirani, na ninyi madereva mlioacha abiria wenu stendi mje kusimama nasi juani: tunayemzika leo ni Argelio Toledo Pentón. Maneno haya yameandikwa na shemeji yake, Migdalia, ambaye ndiye anayeyasoma. Akikwama mahali, mumvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 kijijini Báez, mtoto wa nne wa Casimiro Toledo, mkata miwa, na Adelfa Pentón. Alisoma hapo hapo Báez hadi darasa la sita. Mwaka 1963 aliingia karakana ya kiwanda cha sukari nje ya Placetas, akajifunza ufundi spana mkononi, akakaa miaka thelathini na tisa, mpaka kiwanda kilipofungwa. Siku hiyo alinawa mikono, akarudi nyumbani, akalala mchana kutwa. Kesho yake akaanza udereva wa abiria.

Alimwoa Zoraida Ruiz, fundi cherehani, dada yake Migdalia, tarehe 20 Aprili 1974. Pampu ndiyo iliyowakutanisha. Baba yao, mzee Ventura, alikuwa na gari la Kimarekani la mwaka 1952, na siku moja likamzimikia mlangoni. Ndani ya pampu ya mafuta ya gari kama lile mna ngozi nyembamba inayopanda na kushuka, ikivuta petroli kutoka kwenye tangi. Ikitoboka, injini inakufa. Na ngozi mpya haikuuzwa popote. Argelio, aliyekuwa akipita zake, akaomba mkasi na kitambaa kisichopitisha maji. Zoraida akamletea koti jipya la mvua la baba yake.

"Wee! Koti langu hilo!" mzee akapiga kelele.

"Baba, chagua moja," Zoraida akamjibu. " Uendeshe gari bila koti, au utembee kwa miguu umevaa koti."

Gari likawaka. Ventura alipofariki mwaka 1981, likawa lao. Walijaliwa mtoto mmoja, Yaneisy.

Mwaka 2009 figo za Zoraida zilikoma kufanya kazi. Ilibidi asafishwe damu kwa mashine huko Santa Clara, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wiki nenda wiki rudi. Argelio alisema atampeleka mwenyewe. Hakuna aliyejua, hata yeye, kwamba itakuwa karibu miaka saba. Kwenye joto petroli iligeuka mvuke ndani ya pampu, gari likazima. Akashuka, akaifunika pampu kitambaa kibichi, akangoja, akawasha. Ngozi zilitoboka, akakata nyingine. Alijaribu pampu ya umeme ya gari la Kirusi, ikaungua mwezi wa pili. Kucha zake hazikutakata tena.

Ijumaa tarehe 9 Agosti 2013, wakiwa wamepita kijiji cha Falcón, gari lilizima. Jumatano walikuwa wameikosa mashine kwa sababu ya pampu hiyo hiyo, na ngozi ya mwisho ilikuwa ndiyo imetoboka sasa. Zoraida alikuwa amevimba miguu hadi magotini, anahema kama aliyepanda mlima. Migdalia alikuwa kiti cha mbele. Barabarani hapakuwa na gari lolote ila mkokoteni wa farasi.

Argelio alikaa chini kando ya gurudumu, akainamisha kichwa. Migdalia alidhani analia.

"Shemeji, inuka basi. Dada anazidiwa."

"Niache nipumue kidogo."

Akapumua. Kisha akaondoa boneti nzima na kuiacha majanini. Akavuta petroli kutoka kwenye tangi kwa mpira na mdomo wake, akatema, akajaza chupa ya plastiki. Mpira ule ule akauingiza kwenye chupa, ncha ya pili akaifunga kwenye kabureta, petroli inapoingilia injini, akamkabidhi Migdalia ile chupa.

"Itoe dirishani, iinue juu. Mkono ukishuka, tunazima."

"Na nikichoka?"

"Chokea Santa Clara."

Kutoka kiti cha nyuma, Zoraida akasema kwa sauti ndogo: "Mume wangu, hata gari umelitundikia dripu? Haya, tumekuwa wagonjwa wawili."

Walisimama mara moja tu kujaza chupa. Walipofika, Migdalia hakuweza kuushusha mkono. Muuguzi ndiye aliyeukunja. Zoraida aliwekwa kwenye mashine saa saba mchana, akaishi miaka miwili na nusu zaidi. Alifariki tarehe 22 Februari 2016.

Wiki moja baada ya maziko pampu iligoma. Argelio hakuigusa. Gari lilikaa mlangoni mwaka mzima na kuku wakataga ndani. Kisha mwezi Machi 2017 jirani yake, Wilfredo Mena, alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Figo.

Argelio akamvutia kiti.

"Wilfredo, mimi ile barabara naichukia."

"Najua, mzee mwenzangu. Basi, nimekuja kukusalimu tu."

"Jumatatu saa kumi na moja alfajiri," Argelio akasema. "Ukichelewa, nakuacha." Akaenda kufukuza kuku.

Alimpeleka miaka miwili na miezi mitano, akikata ngozi mwenyewe kwa mkasi wa Zoraida. Mwezi Agosti mwaka huu madaktari waliona uvimbe kwenye mapafu, naye akaacha kuendesha. Alifariki nyumbani jana Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha binti, Yaneisy; wajukuu wawili, Dayron na Lisbet; dada yake, Eneida; na shemeji yake, Migdalia. Wilfredo hayupo hapa. Alfajiri alikuja amevaa shati jeupe, tayari kwa maziko, Migdalia akamgeuza mlangoni: "Leo Ijumaa. Nenda kwenye mashine. Ukikosa, huyu atafufuka akugombeze." Yaneisy, aliyeshika usukani tangu Agosti, ndiye aliyewasha gari la baba yake, akampeleka.

Argelio, hakuna anayekungoja Jumatatu alfajiri. Lala, shemeji. Lala kwa amani.