Ukuta Uliokariri Migongo

Kijiwe chetu ni benchi moja lililoegemea ukuta wa duka la vifaa. Tulikuwa wanne: mimi, Mwalimu mstaafu, Gia aliyekuwa dereva wa lori, na kaka yake, fundi redio tuliyemwita Mawimbi. Mawimbi alifariki mwaka jana, na nafasi yake ya katikati hakuna anayeikalia. Asubuhi ile mwenye duka alituambia ukuta unapakwa rangi leo. Tukajifanya viziwi. Nikamimina kahawa, Mwalimu akaanza habari za utafiti wa binti yake na wenzake wa chuo kikuu.

— Wanatengeneza utando mwembamba, chembe zake ndogo kuliko vumbi. Wameiga ubongo. Ukiumulika mara moja, unasahau. Ukiumulika tena na tena, unakariri. Huohuo unaona, huohuo unakumbuka, huohuo unapiga hesabu.

— Basi kipara changu ni kompyuta, akasema Gia. Kimepigwa jua miaka mingapi? Ndiyo maana wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu limeingiaje hapo? akauliza Mwalimu.

— Limeingia tu.

Nikadakia kwamba kama ni hivyo, mashuka yanayoanikwa mtaani yanajua siri za watu, na mabati yetu yamesoma kuliko Mwalimu. Mwalimu hakucheka.

— Na ukiachwa gizani? akauliza Gia.

— Unasahau. Polepole.

Gia akageuka kuutazama ukuta. Jua la miaka yote limechujua ile rangi ya kijani, ila pale tulipozoea kuegemea. Migongo minne imebaki. Wa Mawimbi ni mpana, umelalia kushoto, alikokuwa akiweka redio yake mbovu na kuitegea sikio.

— Huu nao umekariri, akasema. Kaka bado yupo hapa.

Nilimkumbuka yule mtu, hata zile kelele zake za kutafuta stesheni, zilizokuwa zikinichosha.

Ndipo akaja fundi rangi, mama mmoja mwenye ndoo na brashi. Akatuamkia, tukaitikia.

— Samahani wazee, nianzie wapi?

Gia akasogea, akakaa mahali pa kaka yake, akaegemea. Mgongo wake haukuijaza ile alama. Mwalimu akambana upande mmoja, mimi wa pili, mpaka ikajaa.

Fundi akatutazama, akaweka ndoo chini.