Rosa Kiden na Kivuli cha Soko la Ludara

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 1997, Mama Rosa Kiden anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya huduma kwa wasioona, hapa Arua, kwa miaka kumi na minane na miezi tisa. Waliopata kufundishwa naye watasema ni michache. Waliowahi kuegesha kitu njiani mwake watasema ni mingi mno.

Mama Rosa alizaliwa Manibe, akapoteza macho kwa ugonjwa wa usubi akiwa msichana. Aliajiriwa Februari 1979 kufundisha wenzake kutembea kwa fimbo nyeupe. Mwaka uliofuata vita vikatukimbiza sote Zaire, na fimbo zikabaki Arua. Wengine tulikaa tukilia; yeye alikata mianzi, akaendelea na darasa. Tuliporudi nyumbani mwaka 1986, alikuwa na wanafunzi wengi kuliko aliokwenda nao.

Si mtu wa maneno laini. Mwaka 1988 mwandishi wa mistari hii, yaani Paulino dereva wenu, aliiacha pikipiki ya ofisi katikati ya njia ya miguu akaenda kunywa chai. Mama Rosa aliigonga, akaipapasa, akaikalia. Nilimkuta juani, ametulia tuli, fimbo magotini, akaniuliza kwa upole kama njia ile niliachiwa na baba yangu urithi. Tangu siku hiyo chai yangu nainywa nimesimama kando ya pikipiki.

Lakini kazi yake kubwa iko Ludara, kule Koboko. Mwanafunzi wake Margarita, mkulima wa huko, alikuwa amejifunza njia ya kutoka kwake hadi soko la Jumanne, akawa anabeba ufuta wake mwenyewe bila kushikwa mkono. Wachuuzi waliombwa waiache njia wazi, nao walikubali. Basi Jumanne moja ya mwaka 1990 aliingia vizuri asubuhi, akauza, na alasiri akirudi akaangukia vyungu vya mchuuzi mmoja, Mzee Nasur. Mzee akafoka mbele ya soko zima: "Kama mutu haoni, akae nyumbani!" Margarita akakaa nyumbani kweli, miezi mitatu. Ilituuma sana, na Mama Rosa ilimuuma kuliko sote, maana ndiye aliyemhimiza atoke.

Ofisini tulimlaumu Nasur. Mama Rosa hakumlaumu mtu. Alikwenda Ludara, akaketi sokoni, kando ya njia ile, tangu asubuhi hadi jioni akisikiliza. Asubuhi sauti ya Nasur ilitoka mbali, upande wa miti. Ilipofika saa nane ilikuwa mbele ya pua yake. Hapo akatambua jambo ambalo sisi wenye macho yetu mawili hatukuwahi kuliona: wachuuzi walikuwa wakifuata kivuli! Jua likisogea, nao wanasogeza mikeka kidogo kidogo, na ikifika alasiri soko zima limelala juu ya njia. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Akamwendea Nasur, si kumwomba huruma bali kumpa shauri la kivuli: jengeni vibanda vya nyasi upande mmoja, kila mtu akae na kivuli chake kutwa nzima. Mzee Nasur, askari mwana wa askari, alinuna wiki mbili. Wiki ya tatu aliwapanga wachuuzi mstari kama gwaride, akagawa zamu za kukata nyasi. Kibanda cha kwanza kilikuwa chake. Kisha akaenda kwa Margarita, akapiga hodi, akamwomba radhi. Jumanne iliyofuata Margarita alikwenda sokoni akarudi salama. Leo wasioona kumi na wanne wanapita pale, na masoko mengine mawili ya Koboko yameiga.

Mwezi huu wote Mama Rosa amekuwa akituuliza nani atailinda njia ile akiondoka. Jumanne wiki hii tukampeleka Ludara kuaga. Wachuuzi, kwa mapenzi yao, walikuwa wamemwandalia kiti kipya chenye kitambaa cha maua. Na walikiweka wapi, jamani? Katikati ya njia!

Margarita ndiye aliyetangulia. Fimbo yake ikalia ko! Akasimama, na kabla mtu hajaeleza lolote akapaza sauti: "Hii kiti iko ya nani hapa? Njia iko ya watu! Toa!" Wazee wazima wakatimua mbio. Mzee Nasur mwenyewe alikibeba, akakiweka kibandani mwake, na ndipo Mama Rosa alipokubali kuketi. Alicheka hadi machozi yakamtoka. Swali lake hajatuuliza tena.

Mama Rosa, asante kwa kila hatua, na kwa ile pikipiki pia. Tunakuombea huko Manibe mvua ya kutosha, mihogo minene na wajukuu wasioacha majembe uani. Nenda ukapumzike, mama. Njia iko wazi.