Kaduara Juu ya Gauni Jeupe

Sogeeni, wanangu. Olive, inua mto huu kidogo, na weye Bruno acha kulia, maana minye leo niko mwepesi kuliko siku zote nilizoishi humu Rugenge, na sitaki mtu alie mbele ya furaha yangu.

Mali yangu ni chache na mnaijua. Nyumba ni ya mama yenu mpaka Mungu amwite. Studio ni ya Olive, kwa kuwa ndiye aliyebaki nami pale hata watu walipoanza kujipiga picha wenyewe kwa simu. Shamba la Mutarule, lile tulilogombania na kaka yangu Norbert, nusu yake nimemrudishia. Msiulize mbona, sikilizeni.

Mmekua mkijua kwamba Norbert na minye hatusalimiani. Mlisikia niliharibu picha za harusi yake kwa wivu, kwa sababu baba yetu alitoa ng'ombe wote kwa mahari ya Pélagie, nami nikaambiwa ningoje. Ni kweli nilikuwa na uchungu wa wale ng'ombe. Lakini siku ile nilikuwa pia na apareye mpya ya kupigia picha, ya kupima mwanga kwa kaduara kadogo katikati ya kioo cha kuchungulia, na nilijivuna nayo Kamanyola nzima. Kuuliza si ujinga, walisema wazee, ila minye sikumuuliza mtu hata mmoja namna inavyofanya kazi.

Kaduara kale hakaoni harusi. Kanaona tu kitu kilicho ndani yake, na kanadhani kila kitu kina rangi ya simenti. Minye nikakaweka juu ya gauni la Pélagie, jeupe pee, kwa kuwa ndilo lililokuwa likining'alia. Sindano ya kipimo ikaruka, ikasema mwanga umezidi, nikaupunguza. Picha zilipotoka, gauni lilikuwa la majivu, na nyuso za bwana na bibi harusi zilikuwa giza tupu, hata macho hayakuonekana. Watu wakasema nimewaroga. Mtoto wao wa kwanza alipokufa, wakasema tena, safari hii kwa sauti.

Nikajitetea kwamba filimu iliharibikia Bujumbura, kwa Nizigiyimana aliyeisafisha. Norbert akavuka mpaka kumuuliza, akaonyeshwa picha za wateja wengine wa siku ile ile, safi zote. Basi uongo wangu ukawa ushahidi wa uchawi wangu. Mficha maradhi, kifo humfichua. Nami, wanangu, nilikubali kuitwa mchawi miaka thelathini na moja kuliko kuitwa fotografe asiyejua apareye yake.

Jumapili nilipomwita Norbert, alikuja na Pélagie. Nikatia pile mpya, betri, katika apareye ile ile, nikampa shemeji aangalie. Nikamwambia aelekeze kaduara kwenye shuka hili jeupe: sindano ikaruka. Kisha kwenye uso wa mume wake: ikashuka. Akarudia mara tatu, halafu akaiweka chini.

"Kumbe haikukuwa roho mubaya," akasema. "Ilikuwa tu kutojua."

"Ni kutojua, shemeji."

Norbert akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Onesphore, weye uliona heri nikuchukie?" Nikasema ndiyo. Wanangu, sijawahi kuona raha kama ile ya kuitwa mjinga na ndugu yangu.

Basi Olive, apareye ni yako. Pima kwenye uso, kila mara kwenye uso. Na kwa kuwa nyuso zetu zimeizidi simenti kwa weusi, punguza mwanga hatua moja, ndipo mtu atafanana na yeye mwenyewe. Kwa Nizigiyimana nendeni wawili, mkamwombe msamaha kwa jina langu. Kama hayupo, waombeni watoto wake. Siku ya kunizika, mpige picha moja, nyinyi na watoto wa Norbert, mchanganyike hata mgeni asijue nani ni wa nani.

Pumzi... ngojeni kidogo. Mungu awape macho ya kuona, na mdomo wa kukiri mapema kuliko baba yenu. Bruno, mkono wako. Minye nimemaliza. Hamtabaki yatima... Norbert yuko pale barazani tangu asubuhi, anaona haya kuingia mbele yenu. Nenda, umwite. Umwite... baba.