Zamu ya Bi Visigino

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha utafiti wa kimo na mifupa, mpimaji wetu mkuu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lililo kwenye kitambulisho chake wengi hatulitumii. Kwetu ni Bi Visigino, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia kila aliyesimama kwenye ubao wake wa kupimia: visigino vibane ukutani.

Alianza kazi akiubeba ubao huo begani, akizifuata familia majumbani kwao. Kukaa hajui. Chai yake huinywa akitembea, na kiti chake mpaka leo ni kipya. Mimi niliyechangia naye chumba nimechoka kwa kumtazama tu.

Watu walimjaribu. Wanaume walijiinua kwa vidole vya miguu, akina mama wakaja na nywele zimepandishwa juu, na wote akawashusha. Baba mmoja mrefu alileta wanawe, mmoja wao mfupi, huku akinung'unika kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Bi Visigino akamwambia nyoka ni nyoka kweli, ila urefu wake haukadiriwi kwa baba peke yake. Kimo hakitokani na kinasaba kimoja, bali vingi mno, kila kimoja kikiongeza au kupunguza kidogo, na mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama bila kuchagua. Uimara wa mifupa nao ni hivyo hivyo, ukiacha mchango wa chakula na mazoezi, ndiyo maana pande la mtu laweza kuwa na mifupa hafifu. Baba yule alicheka, akaondoka amemshika mkono yule mfupi.

Lakini mashine ya kupima mifupa Bi Visigino hakuilalia hata siku moja. Mama yake alivunjika nyonga akiinama kuokota kijiko, na dada yake mkubwa akafuatia kwa kifundo cha mkono. Tukimwambia apande, ghafla anakumbuka jambo stoo. Mganga hajigangi, tulimtania, naye akicheka mguu mmoja uko nje.

Mwaka huu bintiye alijikwaa kwenye ngazi, akavunjika mguu. Tulipompima, mifupa yake ilikuwa hafifu kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake. Daktari wetu akaomba vipimo vya mama, kwa kuwa baba ameshafariki. Bi Visigino akasema kesho. Kesho ikazaa kesho. Akawa anafika kabla geti halijafunguliwa, anapanga upya makabati yaliyokwisha kupangwa, nami nikawa sikai kwa sababu yake. Nilijua anachoogopa: kuona kwamba ni yeye aliyempa mwanawe ugonjwa.

Mwishowe binti akasimama mlangoni mwetu na magongo yake, akasema taratibu, "Mama, umepima watoto wa watu wote. Mimi ni wa nani?"

Hapo akavua viatu. Nilimpima mimi, naye akanikaripia kwa kumlaza mguu vibaya. Majibu yakatoka: mifupa yake ni imara kupita hata yangu. Sote tukashangilia. Yeye akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia. Daktari akamweleza kwamba hata mzazi mwenye mifupa imara huweza kurithisha vinasaba dhaifu, vikakutana na vya mzazi mwenzake, na kwamba hakuna wa kulaumiwa. Wala hakuwa akiwaza lawama tena.

"Bora ingekuwa mimi," alisema. "Ningempa mifupa yangu."

Wiki ile ile aliombwa aongeze miaka miwili kazini, akakataa. Anahamia kwa bintiye, amsimamie dawa na mazoezi, na kwa ninavyomjua, binti hatapata pumziko. Ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti nisimpambe.

Dada, ahsante kwa kila familia iliyorudi kupimwa tena kwa sababu yako. Tutakukosa, na chumba kitatuwia kikubwa mno. Tunakuombea uzee mwema wenye afya. Mifupa haiazimwi, lakini bega lipo. Binti na akuegemee kwa uzito wake wote; wewe hutavunjika.